Bi Adila: Fundi aliyezivua mashine nailoni kabla ya mgeni rasmi

Saa moja na robo asubuhi, Adila Mwinyimvua amepiga magoti mbele ya mashine ya kukereza chuma, ile ambayo mafundi huiita lezi. Amevaa ovaroli ya buluu, kanga kaifunga kiunoni, na mkononi ana kipande cha msasa laini. Anasugua taratibu. Vumbi la rangi ya matofali linadondoka kwenye vigae vyeupe.

"Njoo utazame," anamwambia mwandishi, akionyesha reli za chuma ambazo kisu cha kukatia hutembea juu yake. "Mashine hii haijatimiza hata miezi miwili kazini, lakini ina kutu ya miaka miwili. Nieleze wewe uliyesoma, inawezekanaje?"

Bi Adila, kama wanafunzi wanavyomwita, ana miaka arobaini na saba na leo hana muda wa upole. Kila anapokuta doa jingine la kutu anakasirika upya, kana kwamba hakuliona jana. Ikifika saa nne ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo anachofanyia kazi. Anatuhumiwa kwa makosa mawili: kuondoa vifungashio kwenye mali ya chuo bila idhini, na kuruhusu wanafunzi kutumia mashine kabla ya uzinduzi.

Msomaji asidhani amesoma vibaya. Mwanamke huyu anashtakiwa kwa sababu wanafunzi wa uhandisi wameshika mashine zilizonunuliwa kwa ajili ya wanafunzi wa uhandisi.

Akitiwa hatiani atapoteza kazi, na karakana itafungwa. Wanafunzi arobaini na mmoja wa mwaka wa nne, waliobakiza wiki sita kumaliza shahada, wataondoka hapa wakiitwa wahandisi, na wengi wao hawajawahi kukata chuma.

Karakana yenyewe iko kwenye tawi la chuo kikuu kimoja kata ya Zinga, mwendo mfupi kusini mwa mji wa Bagamoyo. Chuo hatukitaji kwa kuwa shauri bado liko mezani. Ni chumba kikubwa chenye madirisha mapana. Kina lezi mbili, mashine ya kutoboa, mashine ya kuchapa vitu vya plastiki kwa kufuata mchoro wa kompyuta, na meza sita zenye majiliwa ya kubania vyuma. Juu ya mlango kuna kibao: "Karakana ya Ubunifu. Jifunze kwa Kutenda."

Mashine zilifika kwa kontena mwaka juzi, masika ikianza. Zilikusudiwa kwa jambo lililo wazi: mwanafunzi aingie na wazo lake, alichore, alitengeneze kwa mikono yake, likiharibika arudie. Chuo kilipata vifaa, kilipata umeme wa uhakika, na kilikuwa na Bi Adila, fundi wa karakana mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka ishirini. Kilichokosekana ni mtu wa kukata utepe.

"Tuliambiwa karakana haiwezi kutumika mpaka izinduliwe," anasema. "Nikasema sawa. Wiki mbili tatu mgeni atakuja, atakata utepe wake, atapiga picha, sisi tuanze kazi."

Mara ya kwanza maandalizi yalifanyika kwelikweli. Mahema yalisimamishwa, pilau ikapikwa, kikundi cha ngoma kikaletwa. Bi Adila aliagizwa azivue mashine nailoni zilizokuja nazo na kuzifuta ile grisi nzito ya kiwandani, ili zing'ae kwenye picha. Grisi ile ndiyo inayokinga chuma kisipate kutu. Alilijua hilo.

"Niliifuta mimi mwenyewe kwa mikono hii," anasema, na hapa sauti inashuka. "Niliwaambia, jamani, hii tukiiondoa lazima mashine zianze kufanya kazi na kupakwa oili kila siku, hapa tuko pwani. Nikaambiwa, fundi, fanya ulichoambiwa. Nikafanya. Hilo silisahau, na wala simsingizii mtu."

Wanafunzi walipangwa mistari juani tangu saa mbili. Saa tano ukaja ujumbe kuwa mgeni rasmi amepata dharura. Pilau ikaliwa, utepe ukafunguliwa na kukunjwa. Mashine zikavikwa tena nailoni, zikiwa tupu, bila grisi. Kila mtu anayeishi Zinga anajua upepo wa chumvi unavyokula mabati. Ndani ya nailoni unyevu haukuwa na pa kutokea.

Mara ya pili ilikuwa miezi mitano baadaye, na safari ile hata mahema hayakufika. Ya tatu iliahirishwa kwa barua. Tangu hapo hakuna aliyetaja tarehe nyingine.

Kusubiri huku kulizaa jambo ambalo mwandishi asingeliamini kama asingelisikia kwa mhusika mwenyewe. Dokta Paskalina Mbuya, anayefundisha somo la utengenezaji wa vipuri, alitakiwa kuwapa wanafunzi saa za vitendo. Mlango ulikuwa umefungwa. Akawapeleka dirishani.

"Nilisimama nje, nikawa nawaonyesha kwa kalamu," anasema Dokta Paskalina. "Ile ni lezi, ile pale ni ya kutoboa. Wao wanachungulia kwa zamu, wanaandika ripoti ya walichokiona. Nikawapa alama. Nimefanya hivyo mihula mitatu na naona aibu kukwambia."

Mwandishi alimuuliza kwa nini hakupiga kelele. "Niliandika barua mbili. Nilijibiwa kuwa suala linashughulikiwa. Basi nikarudi dirishani."

Mihula mitatu vijana wa watu wamesomea uhandisi dirishani, kama watoto wanaochungulia video kwa jirani. Wazazi wao wameuza mashamba Vigwaza na samaki Saadani ili wawafikishe pale kwenye kioo.

Bi Adila aliyaona yote hayo na akanyamaza. Anasema alikuwa na sababu. Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, na ameusaini mara saba. Mshahara wake ni shilingi laki nne na themanini kwa mwezi, na unalisha watu wanne: yeye, mabinti zake wawili, na mama yake, Bi Kibibi, mwenye umri wa miaka sabini na minne.

"Halafu nailoni tumeizoea," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Kwa mama yangu makochi yana nailoni tangu dada yangu aolewe. Ukikaa unateleza, ukiinuka inakung'ang'ania. Mwambie aitoe uone! Atakwambia wageni watakuta makochi yamechakaa. Basi nami nikaona labda ndivyo tulivyo. Lakini kochi halina mwanafunzi, bwana. Kochi likikaa miaka kumi halijamnyima mtu elimu."

Kilichomtoa kwenye ukimya ni Teddy.

Teddy Hieronimo alikuwa wa kwanza darasani mwake. Mwaka jana, akiwa mwaka wa tatu, alipangiwa mafunzo ya wiki nane kwenye kiwanda kimoja jirani na Vigwaza. Siku ya pili msimamizi alimpa shafti iliyolika, mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya mashine, pamoja na venia, kipimo cha chuma cha kupimia unene, kisha akamwomba amsomee upana wake. Teddy alikuwa amefanya mitihani miwili kuhusu kipimo hicho na kupata alama za juu. Hakuwahi kukishika.

"Nilikishika kichwa chini miguu juu," anasimulia Teddy, ambaye sasa yuko mwaka wa nne. "Nikataja namba. Msimamizi akaangalia, akaniuliza, wewe binti, uko mwaka wa ngapi? Nikamwambia wa tatu. Akawaita wenzake waje waone. Hakunitukana, ila walicheka. Wiki zote zilizobaki nilikuwa naandika majina ya wanaoingia getini."

Aliporudi chuoni alimfuata Bi Adila kwenye kistoo anamowekea vifaa. Hakumsalimia. Alikaa kwenye ndoo na kulia, kisha akamuuliza swali moja: "Bi Adila, wewe unazo funguo. Kwa nini hutufungulii?"

"Nilimwambia mwanangu nenda kapumzike," anasema Bi Adila. "Nikaenda nyumbani, sikula. Nilikuwa nimekasirika, tena siyo na wakubwa tu. Nilijikasirikia mimi. Mtoto kasema kweli, funguo ninazo mimi."

Hata hivyo alivumilia miezi mingine, akiomba kwa mdomo na kwa maandishi. Kisha, Jumatatu moja mapema mwaka huu, alifungua mlango saa mbili asubuhi, akachukua kisu cha kukatia mazulia na kupasua nailoni ya lezi ya kwanza kutoka juu hadi chini. Harufu iliyotoka, anasema, ilikuwa ya chuma kilichovunda. Reli zilikuwa zimeota kutu, gurudumu la kusogezea kisu lilikuwa limekwama. Mashine mpya, iliyovuka bahari, iliharibika kwa kutunzwa.

Kazi ya kuifufua ilichukua siku nne. Ijumaa baada ya swala alitoka nje na kuwaita wanafunzi wa mwaka wa nne waliokuwa wamekaa kivulini na kompyuta zao.

"Shikamoo Bi Adila," waliitikia kwa pamoja.

"Marahaba. Simu mfukoni, mikono ya shati juu, ingieni."

Najim Ramadhan, kijana wa Mlingotini, alikuwa wa kwanza kuambiwa abane kipande cha chuma kwenye jiliwa. Alizungusha mkono wa jiliwa kinyume hadi chuma kikamdondokea kwenye kiatu.

"Nilijisikia vibaya sana," anasema Najim. "Yaani kusema kweli, mimi naweza kukupigia hesabu ya nguvu inayobana pale, mpaka desimali ya tatu. Ila jiliwa lenyewe silijui linafungwa wapi. Nikadhani Bi Adila atanicheka. Akaniambia okota, funga tena. Bi Adila hana masihara, lakini hachoki."

Somo la kwanza lilikuwa tupa, chuma chenye meno cha kusugulia chuma kingine. Kila mwanafunzi alipewa kipande cha chuma na kuambiwa akisawazishe kwa tupa mpaka kiwe mraba. Wiki nzima walisukuma tupa hadi viganja vikatoka malengelenge. Wengine walinung'unika kuwa wamekuja kujifunza mashine za kisasa na wanafundishwa mambo ya gereji. Bi Adila, aliyejifunza kazi kwa mafundi wa mashine za kusaga nafaka mjini Bagamoyo kabla ya kwenda chuo cha ufundi stadi, aliwajibu kwamba mkono usiojua chuma kigumu ni kipi utaivunja lezi siku ya kwanza.

Wiki ya tatu, pampu ya maji ya bweni la wasichana ikafa. Bushi yake, pete ya shaba inayoshika shafti isiyumbe, ilikuwa imelika. Ofisi iliagiza nyingine Dar es Salaam na kuambiwa isubiri siku kumi na nne. Wasichana wakaanza kubeba ndoo kutoka kisima cha jirani, wengine wakakosa vipindi.

"Nikawaambia vijana, shaba tunayo, mashine tunayo, kuna nini tena?" anasema Bi Adila.

Walikosea mara mbili. Bushi ya kwanza tundu lilikuwa pana, shafti ikacheza ndani. Ya pili Najim aliikata kwa pupa ikapasuka. Ya tatu aliipima Teddy, kwa venia kama ile iliyomtoa machozi, akapima tena, akamwomba mwenzake apime bila kumwambia namba aliyopata. Namba zikalingana. Jioni ile maji yalitoka bombani, na wasichana walipiga vigelegele hadi mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Mtu mwenye akili angetegemea chuo kifurahi. Ofisi iliuliza nani katengeneza pampu, ikaambiwa, na baada ya siku mbili Bi Adila akapokea barua ya tuhuma. Haikuwa na neno hata moja kuhusu maji.

Ofisa utawala wa chuo, Anold Mgonja, alikubali kuzungumza na mwandishi kwa dakika kumi. Ni mtu mstaarabu, anayejibu kila swali kwa utulivu, na pengine utulivu huo ndio unaoudhi zaidi.

"Hatuna ugomvi na mama Adila, ni mchapakazi," alisema. "Lakini kuna taratibu. Vifaa vile vilitolewa kwa makubaliano kwamba vitazinduliwa rasmi. Mgeni rasmi hawezi kuzindua kitu kilichotumika. Ile nailoni ndiyo ushahidi kwamba ni vipya."

Mwandishi alimuuliza kama alishaona kutu iliyokuwa chini ya ushahidi huo.

"Hilo ni suala la kitaalamu."

Je, wahitimu wa mwaka jana, walioondoka bila kushika mashine?

"Walisoma kwa nadharia na kwa kuona. Na usalama pia tuuangalie. Mwanafunzi akikatwa kidole nani atajibu?"

Swali la kidole ni la haki, na Bi Adila halipuuzi. Ukutani ameandika kwa chaki masharti yake: nywele zifungwe, pete zivuliwe, miwani ya kinga ivaliwe, mtu mmoja tu kwenye mashine. Katika wiki saba hakuna aliyejeruhiwa zaidi ya malengelenge ya tupa. Lakini ofisi hiyohiyo inayohofia kidole cha mwanafunzi haioni tabu kumpeleka kiwandani akiwa hajui kufunga jiliwa, ambako kidole kitakatwa kweli, mbele ya watu wasiomjua.

Saa nne kasoro dakika tano Bi Adila ananawa mikono kwa sabuni ya unga, anavua ovaroli, anajitanda mtandio. Nje ya chumba cha mkutano wanafunzi kama kumi wameketi sakafuni. Najim anainuka kumpa mkono, anakaa tena.

Bi Adila anakaa ndani dakika arobaini. Sauti yake inasikika mara moja tu, juu kidogo. Anapotoka ameshika karatasi moja, na mlinzi anamfuata akiwa amebeba begani bunda jipya la nailoni. Kumbe walishalinunua kabla hata ya kumsikiliza.

Uamuzi ni huu. Atie saini barua ya kuomba radhi iliyoandaliwa, ndiyo hiyo karatasi aliyoishika. Azivike mashine zote nailoni leo hii, zikae hivyo mpaka tarehe ya uzinduzi itakapotangazwa. Akifanya hayo, mkataba wake utaongezwa. Akikataa, utaisha tarehe thelathini, siku kumi za kazi kuanzia leo, na hautaongezwa.

"Niliwauliza kitu kimoja tu," anasema akitembea kwa haraka kurudi karakana, wanafunzi nyuma yake. "Nani kati yenu atanyanyuka tukaiguse ile kutu pamoja? Wako saba pale ndani. Hakunyanyuka mtu. Mmoja akaniambia, mama, usilete hasira hapa. Nikamwambia baba, hasira ninazo, na zimechelewa miaka miwili."

Ndani ya karakana anakaa kwenye ndoo. Anaisoma barua tena tangu mwanzo, na wanafunzi wanasimama bila kusogea.

"Naogopa," anasema, hamwangalii mtu. "Nikisema siogopi nitakuwa mwongo. Binti yangu Lulu yuko kidato cha pili. Mama anahitaji dawa kila mwezi. Laki nne na themanini siyo nyingi, lakini ukiikosa utaijua."

"Bi Adila, saini tu," anasema Teddy kwa sauti ndogo. "Sisi tutaelewa. Wallahi hakuna atakayekulaumu."

"Wewe ndiye unaniambia hivyo?"

Teddy anainamisha kichwa.

Bi Adila anaomba kalamu. Najim anampa, na kwa muda mfupi kila mmoja mle ndani anaamini kwamba amekubali. Yeye anaigeuza barua upande wa pili, ulio mweupe, anaiweka juu ya meza na kuanza kuandika majina.

Hii ndiyo mipango yake, kama anavyoieleza huku akiandika. Kila mwanafunzi wa mwaka wa nne atakata bushi moja peke yake, kwa kipimo anachopewa, tangu kubana chuma mpaka mwisho, bila mtu kumshika mkono. Kumi na tisa wameshafanya. Wamebaki ishirini na wawili, na siku ni kumi. Wawili kwa siku, na siku mbili atawachukua watatu. Funguo atazirudisha tarehe thelathini jioni, si mapema. Baada ya hapo atamfuata fundi wake wa zamani mjini Bagamoyo, amwombe kona ya gereji na lezi yake kuukuu, na yeyote atakayetaka kujifunza atamfuata huko.

"Wakinifukuza kabla ya hapo, watakuwa wamenifukuza," anasema. "Lakini kwa hiari yangu sifungi mashine hata moja. Nimeshafanya ujinga huo mara moja na unatosha."

Bunda la nailoni liko pale mlinzi alipoliegemeza, mlangoni. Hakuna aliyeligusa. Bi Adila anavaa ovaroli yake, anafunga kanga, anasoma jina la kwanza kwenye orodha.

"Sikuzani Pazi."

Msichana mwembamba anatoka nyuma ya wenzake. Anavua pete, anafunga nywele, anavaa miwani ya kinga iliyomzidi uso. Anabana kipande cha shaba, anakijaribu kwa mkono, anafungua, anabana upya. Anageuka kumtazama mwalimu wake, akisubiri aambiwe kama ni sawa.

Bi Adila ameweka mikono yake nyuma ya mgongo na kuishikanisha kwa nguvu, asije akamsaidia.

Sikuzani anaigeukia mashine na kuiwasha.